Mratibu na Watu Wake wa Jumamosi

Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akikaa kitini mpaka kiti kikapata joto. Aliingia ofisini kwake, akaweka mkoba juu ya kiti, na mkoba ndio uliokaa. Yeye alisimama dirishani, simu moja sikioni na nyingine mkononi, huku akiandika kwenye karatasi aliyoibana ukutani kwa kiganja, kwa sababu meza ilikuwa mbali. Mbali maana yake hatua mbili. Chai aliyoletewa ilipoa, na aliyeileta alijua itapoa, ila kesho yake aliileta tena.

Sote tulimwita Mratibu. Kadi yake ilikuwa na maneno mengi kuliko hayo: mratibu wa programu ya uandishi ya chuo kikuu, pamoja na kuziunganisha programu za uandishi za vyuo vingine, pamoja na huduma kwa walimu wa shule. Kazi ya watu watatu, nami nadhani aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Wakubwa walipomwita Dogiteri, yaani Daktari wa shahada, aligeuka kutazama nyuma, anayetafutwa ni nani. Sisi walimu tulimwita Mratibu hata tukimkuta sokoni, na mama anayeuza maparachichi pale Kabeza aliamini ndilo jina alilobatizwa.

Mimi nafundisha Kiswahili katika sekondari moja kule Ndera, na mwalimu wa Kiingereza akikosekana, nafundisha na Kiingereza. Nimelelewa Tanzania, upande wa Karagwe, nikarudi Rwanda nikiwa msichana mkubwa, kama mtu anavyoweza kurudi mahali ambapo hajawahi kufika. Yeye alilelewa Uganda. Kiswahili chake alikiokota njiani, akakisema kwa kasi bila hata chembe ya aibu, na siku ya kwanza nilimcheka moyoni. Alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, viatu vimejaa tope jekundu, akatusalimu kisha akauliza:

"Mwaramutse. Nani hapa iko anaandika?"

Tukatazamana. Mwalimu mkuu akajibu kwa heshima kwamba wote tunaandika: maandalio ya masomo, ripoti, barua za wazazi.

"Oya, hapana, sisemi hiyo. Nasema kuandika ya kwako mwenyewe. Mwarimu wa kuogelea anaingia kwa maji, si ndiyo? Mwarimu wa kuandika iko anaingia wapi?"

Hakungoja jibu. Akachukua chaki, akaandika ubaoni: Jumamosi, saa tatu asubuhi, kila Jumamosi isipokuwa ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya mwisho wa mwezi. Kisha akaondoka. Nilimchukia mpaka Ijumaa, na Jumamosi nikaenda, nikijiambia naenda kuona tu atakavyoumbuka.

Hakuumbuka. Tulikuwa walimu kumi na mmoja wa shule mbalimbali, katika darasa la shule yetu, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Alitugawia karatasi akasema tuandike jambo moja ambalo hatujamwambia mtu, kwa lugha yoyote tunayoota nayo ndoto. Yeye mwenyewe akaandika, amesimama, karatasi ameibana kwenye kioo cha dirisha. Alikuwa na sheria mbili tu. Kwanza, yeyote anayeingia chumbani anaandika, awe mwalimu, mkaguzi au profesa. Pili, kilichoandikwa humu hakitoki humu mpaka mwenyewe akitoe kwa mkono wake. Sheria ya pili aliisema mara mbili, kwa Kiswahili chake na kwa Kinyarwanda, akitutazama mmoja mmoja. Watu wazima, tena walimu, hawaandiki ukweli wao mahali pasipo na sheria kama hiyo.

Ile ya kwanza niliiona ikimpata Profesa, mzee wa chuo kingine, mtu wa Kifaransa na koti la sufu hata jua likiwaka. Alikuja Jumamosi moja kuona jinsi vyuo vinavyoweza kusaidia shule, na alitaka kutazama.

"Madamu, mimi nimekuja kuangalia tu," alisema.

"Hapa hakuna kuangalia," Mratibu akamjibu, akachana karatasi katikati na kumpa nusu, pamoja na penseli iliyotafunwa na mwanafunzi fulani. Profesa akaandika mistari minne kuhusu buti alizovaa kwenda seminari. Aliisoma kwa sauti ndogo, masikio yamemwiva. Jumamosi iliyofuata alirudi na daftari lake mwenyewe, akidai mistari minne ile haikutosha.

Mtu mwingine aliyenifanya nisikose ni mwalimu wa Gatsata. Alikuwa mwalimu wa hesabu, karibu kustaafu, mtu mgumu, anayesalimia kila mtu kwa zamu na kwa ukamilifu hadi unachelewa. Yeye aliandika kuhusu mwanafunzi ambaye yeye mwenyewe alimpiga zamani. Aliposoma, Mratibu, ambaye humkatiza hata waziri, alimsikiliza hadi neno la mwisho. Mwalimu yeyote akisoma, Mratibu alikuwa hivyo. Ukimpata kwenye mkutano wa vyuo hamalizi kukusikiliza, anadaka neno lako la tatu na kukimbia nalo. Ukimpata Jumamosi, mtu akisoma ukurasa wake, unaweza kudhani amelala macho wazi. Sijui alikuwa na watu wangapi ndani yake, na hawa wawili hawakuwahi kupatana.

Alitufundisha kuandika kitu mara nne, mara tano, kukilaza wiki nzima kabla ya kukigusa tena. Yeye mwenyewe alituma barua pepe zisizosomwa hata mara moja, zikikatika katikati, halafu nyingine dakika mbili baadaye ikisema ile ya kwanza isihesabiwe. Alituambia mwalimu asiwe na haraka na mtoto. Ila pikipiki aliyoikodi ikisimama kwenye taa alishuka, akatembea na helmeti ya dereva ingali kichwani, na dereva akamfuata akiita, "Mama! Mama, hii kofia ni yangu!" Nilimuuliza siku moja anakimbilia nini. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua.

"Umva, mwarimu. Kila mwaka iko watoto wanafika chuo hawajawahi kuandika kitu yao. Kila mwaka. Mimi nikae?"

Kilichomtia moto zaidi ni binti mmoja niliyemfundisha mimi. Alianza chuo kimoja, akahamia kingine, na katika chuo cha kwanza alisifiwa kwa insha iliyosema mambo kwa sauti yake, anachokiona na anachokifikiri. Katika cha pili insha ya namna hiyo hiyo ilirudi imekatwa kalamu ukurasa mzima. Kila chuo kina mwongozo wake wa kusahihisha, jina lake kwa kitu kile kile, na adhabu zake. Binti alinijia analia, nikampeleka kwa Mratibu. Mratibu aliziomba zile insha mbili, binti akampa, na kuanzia siku hiyo alitembea nazo mkobani kutoka chuo hadi chuo, akizitandaza juu ya meza za watu wanaokula. "Ni mtoto mmoja," alisema. "Mkono mmoja. Mnataka akate mkono?"

Aliota programu zote za uandishi za vyuo zikae pamoja, zikubaliane mwongozo mmoja, na mwongozo huo uanzie kwetu, kwa walimu wa shule, maana sisi ndio tunaowapokea watoto kwanza. Hapo ndipo vyuo vilipomkwamisha. Kukutana walikubali. Kuwa na mwongozo mmoja walikubali, mradi uwe wa kwao. Walimu wa shule? Wengine walicheka kwa adabu. Mmoja alisema walimu wa shule wenyewe wanahitaji kufundishwa kuandika, watachangia nini? Mratibu alinisimulia hayo akizunguka ofisi, na nilimwona kwa mara ya kwanza ameumia. Nilipaswa kuogopa tangu pale, kwa sababu akiumia huwa anafanya jambo haraka.

Sasa nifike kwenye barua yangu, ambayo naizunguka tangu nianze.

Ile Jumamosi ya tatu au ya nne niliandika kuhusu mama. Mama yangu hajui kusoma. Karagwe barua zetu zilikuja mkononi mwa jirani aliyesafiri, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilimsomea. Siku moja ilikuja barua kutoka kwa mjomba aliyekuwa Mwanza na bibi. Ndani yake mjomba aliandika kwamba bibi amefariki na wamekwisha kumzika. Mama alikuwa mjamzito, mimba iliyomsumbua, daktari amemkataza hata kuinua ndoo. Nikasoma salamu, nikasoma habari za mvua na mahindi, na ile sehemu nikairuka. Nikakunja barua nikaitia motoni wakati wa kupika. Miezi minne mama aliendelea kunipa salamu za kumwandikia mama yake, nami niliziandika zote, na mwandiko mzuri. Mjomba alipokuja mwenyewe, mtoto amekwisha kuzaliwa, akashangaa: "Si niliandika?" Mama akaamua kwamba kulikuwa na barua nyingine, na jirani aliyekuwa akizileta ndiye aliyeipoteza. Hakumsalimia jirani yule mpaka tulipohama. Mtu mwema kabisa. Mimi nilinyamaza, na hadi leo nimenyamaza.

Nilikisoma kisa hicho chumbani pale Ndera kwa Kiswahili, mbele ya walimu kumi, na mwalimu wa Gatsata akaniambia, "Pole, mwana wanjye." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa pole kwa jambo hilo. Usingizi wa Jumamosi ile nilikuwa sijaulala tangu utotoni. Karatasi niliiacha kwa Mratibu, kwenye faili, kama wote.

Miezi kadhaa baadaye aliniita kwenye mkutano wa vyuo. Hatimaye wamekubali mwalimu wa shule awepo, aliniambia kwa simu, na mwalimu huyo ni mimi. Nilishonesha gauni. Nisiseme uongo, nilijiona mkubwa. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa chuo kimoja, meza zimepangwa mviringo, maji ya chupa mbele ya kila mtu. Kazi ya asubuhi ilikuwa ile wanayoifanya watu wa uandishi wanapotaka kusahihisha kwa kipimo kimoja: wote wanapewa insha moja isiyo na jina, kila mtu peke yake anaipa alama kati ya ishirini, kisha alama zinasomwa kwa sauti na watu wanabishana mpaka wakaribiane. Mratibu aligawa karatasi. Ilikuwa kwa Kiingereza, imechapwa vizuri.

Nilisoma mistari mitatu nikiwa natafuta utangulizi, kama mwongozo uliokuwa mezani ulivyotaka. Kulikuwa na mvua na mahindi. Mstari wa nne nikaelewa kwamba ni kisa changu. Mratibu ameitafsiri mwenyewe, jina langu hakuliweka, Karagwe ameitoa, jirani amebaki, bibi amebaki, moto umebaki. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama ukutani, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa na furaha. Alikuwa anangoja waanguke kwa kishindo. Alitaka waipe insha ile alama zote, halafu atangaze kwamba imeandikwa na mwalimu wa shule.

Wakaanza kusoma alama. Tisa. Kumi na moja. Saba. Profesa, yule wa buti, ambaye hakuwepo Jumamosi niliyoisoma, akavua miwani na kusema, "Sita. Kuna huruma, ndiyo, ariko hoja iko wapi? Ni mtoto anasoma barua, basi." Mwingine akasema mwandishi hakuonyesha amejifunza nini. Ikafika zamu yangu. Karatasi yangu ilikuwa na alama tayari, nimeiandika bila kujua nimeandika. Miaka ishirini nimesahihisha kazi za watoto kwa mwongozo kama ule, na mkono umezoea kujiendea. Nikasoma kilichoandikwa.

"Nane," nikasema.

Alinifuata kwenye korido. Nilidhani anakuja kuniomba radhi.

"Nane?" akasema, sauti imepanda. "Wao hawajui, wewe unajua! Wewe iko umejipa nane, mwarimu?"

"Uliichukua."

"Nilitoa jina. Nilitoa kila kitu. Nilitaka waone! Unajua wanasema nini juu yenu?"

"Mama yangu yuko pale ndani," nikamwambia. "Yuko mezani kwa watu, karibu na maji yao ya chupa. Mtoto aliyekuwa tumboni mwake ni mdogo wangu wa kiume. Na yeye ana binti anayekaribia kuingia chuo. Hukuniuliza."

Akafungua mdomo. Simu yake ikaita, na, hili ndilo nililoshindwa kulisahau kwa muda mrefu, akaitazama kujua ni nani. Haikuchukua hata sekunde. Nikashuka ngazi.

Jioni hiyo nilimpigia mwalimu wa Gatsata, nikamsimulia yote. Sikumwambia ayaeneze. Nilijua atayaeneza tu, na nilipiga kwa sababu hiyo. Ukurasa wake kuhusu mwanafunzi aliyempiga nao ulikuwa humo kwenye faili la Mratibu. Jumamosi iliyofuata hakwenda mtu. Mlinzi wa shule alinisimulia Jumatatu: Mratibu alifika saa mbili, akafagia darasa mwenyewe, akapanga madawati, akangoja hadi saa sita. Alikuwa anaandika, mlinzi alisema, peke yake, anaandika na kufuta. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilitembea siku nzima nimefurahi, na jioni nilipokuwa nachambua mchele na mama nikajisikia vibaya, lakini sikupiga simu. Jumamosi nyingine alifika tena, na nyingine. Ya nne hakufika.

Nilichokosa baadaye nilikuwa sijui kwamba ninacho. Niliacha kuandika. Madaftari ya watoto yalirudi kuwa mzigo, nikayasahihisha mbio mbio nikiwa nimesimama jikoni. Walimu wenzangu tulipokutana kwenye semina tulizungumza habari za mitaala na mvua, hakuna aliyetaja Jumamosi, tulikwepana kama watu waliogawana kitu cha wizi. Ni mimi niliyekivunja kile kikundi. Yeye alikosea, na kosa lake ni kubwa, silipunguzi hata kidogo. Lakini kosa lake lilikuwa juu yangu peke yangu, nami nililigawa kwa watu kumi ili lionekane kubwa zaidi. Huo ndio ukweli, umenichukua miaka miwili kuuandika.

Habari zake zilinifikia kwa vipande. Programu za vyuo zilikaa pamoja bila yeye kusema sana. Mwongozo ukapatikana, mrefu, wa kila mtu na usio wa mtu. Sehemu ya walimu wa shule ilibaki aya moja. Yeye mkataba wake ulikwisha, wengine walisema amekwenda Kampala, wengine walimwona stendi ya mabasi ya Nyabugogo akibishana na dereva.

Alikuja kwangu Kabeza Jumapili moja alasiri, mvua za masika zikiwa zimetulia kidogo. Mama alikuwa barazani na ungo wa maharage. Nilisikia sauti ndipo nikatoka. Mratibu alikuwa amekonda, mvi zimejaa, na alikuwa amechuchumaa mbele ya mama akimsalimia kwa mikono miwili.

"Mgeni ni nani?" mama akaniuliza.

Nilikuwa na majibu mengi. "Ni mwalimu wangu, mama."

"Amekuja kukutembelea au kukusahihisha?"

Mratibu akacheka, mimi sikucheka. Nikamwingiza ndani. Mlango tuliuacha wazi, nisingeweza kuufunga mama yuko pale, kwa hiyo tulizungumza chini chini, kichwa kwa kichwa. Hakuzungukazunguka. Vyuo vina mwongozo lakini havina cha kuwasomesha watoto, alisema. Insha za mifano zinatoka nchi za watu, zinahusu theluji. Amewashawishi, wamekubali kitabu kidogo kimoja kitumike mwaka wa kwanza, vyuo vyote, na ndani yake yawe maandishi ya walimu wa hapa. Profesa amekubali kuandika dibaji. Profesa huyo huyo. Alikuja kujua insha ile ni ya nani, akaiomba tena, akaisoma kwa Kiswahili, akarudi kusema yale mabaya yote aliyoyasema yafutwe.

Akatoa karatasi yangu mkobani. Ile ya kwanza, mwandiko wangu, na doa la chai la Jumamosi.

"Sikukuuliza," akasema. "Wakati ule. Mbabarira. Nimekuja kuuliza sasa. Naweza kuitia ndani?"

Nje tulisikia maharage yakianguka kwenye sufuria. Mama alikuwa akiimba kitu cha kanisani, nusu Kihaya. Nilitaka kukubali. Nataka ijulikane kwamba nilitaka sana, si kwa ajili ya Mratibu tu, bali kwa ajili yangu, kuona kitu changu kimechapwa na watoto wanakisoma badala ya theluji. Nikafikiria binti wa mdogo wangu akifungua ukurasa, akimpigia bibi yake simu.

"Hapana," nikasema. "Mama akiwa hai, hapana."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Nilingoja anibishie. Nilijiandaa kabisa, nilikuwa na maneno. Akaisukuma karatasi upande wangu wa meza, akaikunjua kona iliyokunjika, akaiacha.

"Ni yako," akasema.

Hilo ndilo lililonitoa machozi, si lile la kuomba radhi. Nilijifuta kwa kanga upesi, mama asije akauliza.

"Wengine wangapi wamekubali?" nikauliza.

"Sijauliza mtu."

"Hata mmoja?"

"Nimeanza na wewe." Akainua mkoba, akautazama ndani. "Iko kumi. Sasa naenda Gatsata, kwa muzehe. Yeye hatanifungulia hata mlango, najua. Ariko nta kibazo, si tatizo, nitasimama nje."

Alikuwa amekwisha kusimama. Alimuaga mama, akamwambia maharage yake ni mazuri, akashuka njia kwa ile kasi yake, akiruka madimbwi. Nilibaki mlangoni nimeshika karatasi. Kisha nikaitia chini ya godoro langu, nikamwambia mama narudi, nikavaa viatu na kumkimbilia.

"Wewe unaenda wapi?" akaniuliza.

"Gatsata."

"Umenikatalia."

"Ndiyo. Twende."

Tulichukua pikipiki mbili. Hatukuweza kusemezana njia nzima, na nashukuru. Mlango wa mwalimu wa Gatsata ni wa chuma, wa bluu. Alifungua mwenyewe, akiwa na miwani kwenye paji la uso. Akamtazama Mratibu, akanitazama mimi. Hakusalimia. Kwa mtu kama yeye, hilo ni tusi.

"Huyu amefuata nini kwangu?" akaniuliza mimi.

"Amekuja kukuuliza, muzehe. Yale uliyoandika. Atayatumia ukikubali tu."

"Na wewe alikuuliza?"

"Ameniuliza leo."

"Ukamjibu nini?"

"Hapana."

Mzee alishusha miwani machoni, akatutazama sawasawa, yeye kisha mimi, kama anayehesabu upya.

"Umemkatalia," akasema, "na bado umemleta kwangu?"

"Yego, muzehe. Nilipokataa alinirudishia karatasi yangu."

Halafu akasogea pembeni, akatuachia mlango.